Hamnazo

Mteja akininyooshea noti ya mia tano
kwa viazi karai na bajia za tisini,
chenji naijua kabla noti haijatua mkononi.
Lakini nafumba jicho moja,
natembeza kidole gumba juu ya vinne vyenzake,
midomo inacheza kama avutaye uradi,
mpaka yeye mwenyewe huruma imshike:
"Mia nne na kumi, mama."
Ee, Mungu akuzidishie akili.
Huondoka kifua mbele.
Kesho atarudi, na mwenzake,
kwa yule mama wa Bondeni asiyejua hesabu
na ambaye, ajabu, hajapunjwa hata siku moja.

Bi Hamnazo, ndivyo wanavyoniita.
Naitika.

Somo yangu alinifunda haya
pamoja na udi na kufukiza nguo:
mume hataki kuolewa na mwalimu wake.
Marehemu Twalibu alipenda taarifa ya habari.
Jioni moja alisema Lusaka iko Zimbabwe.
Nikamkatia tikiti.
Miaka kumi na tisa, nyumbani kwetu,
Lusaka ilikaa Zimbabwe na haikumdhuru mtu.
Nilimzika nayo.
Jamani, nilimpenda.

Askari wa kaunti naye
huja na kitabu cha risiti na sauti.
Mie mjinga, mwanangu, namwambia,
nionyeshe kwa kidole palipoandikwa
nami nikariri, nisikukosee tena.
Hupekua. Hukohoa. Jasho humtoka.
Mwisho hula bajia mbili, na hulipa.

Kisha arubaini ikapita
akaja shemegi yangu Feswali na karatasi za nyumba,
na kisahani cha wino wa zambarau.
Tia dole hapa, shemegi, ni utaratibu tu.
Nisomee, baba, mimi na herufi hatupatani.
Akasoma kifungu cha kwanza, cha pili, cha nne.
Karatasi ilikuwa mikononi mwake,
kwangu imepinduka, miguu juu.
Hivyo hivyo naisoma.
Rudia, nikasema, una sauti nzuri.
Akarudia: cha kwanza, cha pili, cha nne.
Dole langu, nikamwambia, limeungua mafuta,
ngoja lipone.
Asubuhi nilipanda ngazi za ofisi ya ardhi,
nikaweka pingamizi kwa saini yangu ya shule,
ile yenye mkia mrefu.
Mpaka leo Feswali anamtafuta aliyemroga.
Idi zote huniletea kitambaa,
maana mjane hamnazo hana wa kumwonea uchungu.

Ningeishia hapo, ningecheka.

Lakini juzi Mwalimu Kazungu aliniita shuleni.
Akafungua daftari la Batuli, akaliinua dirishani
nuru ipenye.
Chini ya kila jibu la makosa
lilikuwapo jibu jingine, limefutwa kwa kifutio,
na la chini lilikuwa sawa.
Ukurasa baada ya ukurasa.
Mtoto amekuwa wa thelathini na mbili
kwa bidii kubwa.

Njiani, karibu na duka la mabati, nilimuuliza kwa nini.
Wenzake, akasema, sasa wanamwita kwenye mdako.
Kisha nikamuuliza saba mara kumi na tatu.
Akafumba jicho moja.
Kidole gumba kikaanza kutembea.
"Sijui, mama."

Nimejua vitu vingi maishani na nikanyamaza.
Hicho kilinikaa kooni kama mwiba wa changu.

Basi leo, Batuli akiwa kando yangu anamenya viazi,
alikuja kijana na noti ya mia tano.
"Mia nne na kumi," nikasema,
kwa sauti, macho yote mawili wazi,
noti bado iko mkononi mwake.
Hakucheka. Hakuniombea dua.
Alizipokea pesa,
akasimama chini ya taa ya duka la jirani,
akazihesabu mara mbili,
kisha mara ya tatu.
Batuli aliacha kumenya.
Alikuwa anamtazama yeye,
halafu mimi.